Kuganda, Kukwama na Kufa: Uhakiki wa Istilahi za Dirisha la Kompyuta Lisiloitika

UTANGULIZI

Kwa miaka mingi mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umekuwa, kwa sehemu kubwa, mjadala wa majina ya vitu. Tumejadili kama mashine yenyewe iitwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi. Kama kifaa cha kusogezea mshale kiitwe kipanya au puku. Kama ubao wa vitufe uitwe kibodi au baobonye. Mjadala huo ulikuwa wa lazima, na katika mambo kadhaa umma wenyewe umekwisha kuuamua. Lakini mtumiaji wa kompyuta haketi mbele ya mashine akataja majina ya sehemu zake. Yeye hutenda, na mashine nayo hutenda au hukataa kutenda. Vitenzi vya kuelezea mambo hayo havijapata kushughulikiwa kwa uangalifu unaostahili.

Makala haya yanakusudia kuhakiki kundi dogo la vitenzi hivyo, yaani vile vinavyotumika pale dirisha la programu linapoacha kuitika, au pale kibodi nzima inapoonekana kutekwa na dirisha moja huku mengine yakinyimwa. Hoja yetu ni kwamba katika hali hiyo neno alilofundishwa mtumiaji ndilo linaloamua hatua atakayoichukua. Akiwa amezoea kusema mashine "imekufa", ataichomoa kwenye umeme, na kazi ambayo haijahifadhiwa itapotea, hata ile iliyokuwamo katika programu nyingine zisizokuwa na kasoro yoyote. Hapa istilahi mbaya haiishii kuudhi masikio. Inapoteza mtihani uliokuwa ukitungwa, hesabu za chama cha ushirika na barua za masjala.

1. JAMBO LENYEWE LILIVYO

Haifai kuhakiki istilahi kabla ya kulifahamu jambo linaloitwa kwa istilahi hiyo. Kompyuta ya Alto, iliyotengenezwa na watafiti wa kampuni ya Xerox huko California mwaka 1973, ni miongoni mwa mashine za mwanzo zilizogawa kioo katika madirisha. Mtindo huo ulienea kwa umma kupitia Macintosh mwaka 1984 na Windows mwaka 1985. Neno "dirisha" lilipokea maana hiyo mpya bila taabu, na hatuna ugomvi nalo.

Kila programu yenye dirisha ina foleni ya ujumbe. Mtumiaji akibonyeza kitufe, mfumo endeshi huandika ujumbe na kuuweka katika foleni ya programu inayohusika. Programu ikiwa nzima, huuchukua ujumbe mmoja baada ya mwingine na kuushughulikia. Ikishikwa na kazi nyingine, haifiki kwenye foleni yake. Ujumbe hurundikana, dirisha halichorwi upya, na mtumiaji anaona picha ile ile aliyoiona mwanzo. Katika Windows, dirisha ambalo programu yake haijachukua ujumbe kwa muda wa sekunde 5 huhesabiwa kuwa haliitiki, na mfumo huliandikia hivyo katika ukanda wake wa juu.

Msomaji azingatie kwamba linaloonekana kwa macho ni jambo moja, lakini hali zinazoweza kuwa nyuma yake ni tano:

(a) Programu ina kazi ndefu, kwa mfano inasoma faili kubwa kutoka diski iliyo mbali. Ikimaliza itarudi yenyewe.

(b) Programu inangoja jibu. Kidirisha kidogo kimefunguka kikiuliza swali, nacho kimefichwa na dirisha jingine. Dirisha kubwa linakataa kila kitu mpaka swali lile lijibiwe.

(c) Programu imenasa katika mzunguko usio na mwisho, au sehemu zake mbili zinangojana, kila moja ikisubiri mwenzake aachie kwanza. Haitarudi yenyewe.

(d) Programu iliyonasa ilikuwa imeshikilia kibodi na kipanya wakati iliponasa. Programu nyingine zote ni nzima, hata muziki unaendelea kupigwa, lakini hakuna inayofikiwa.

(e) Mfumo endeshi wenyewe umesimama.

Hali ya mwisho peke yake ndiyo inayohalalisha kuizima mashine kwa nguvu. Njia rahisi ya kuipima ni kubonyeza kitufe cha Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika, yaelekea mfumo endeshi ungali hai, na kuna la kufanya.

2. "KUGANDA" NA "KUFA"

Maneno yanayosikika zaidi maofisini ni "imeganda", "imekufa", "imegoma", na yale ya mkopo, "imehengi" na "imestaki". Yote hutumika kwa hali zote tano bila kuchagua.

"Kuganda" ni tafsiri ya sisisi ya tamathali ya Kiingereza, lugha ya watu ambao maji ya mito yao huganda wakati wa baridi na kuyeyuka jua linaporudi. Kwao neno hilo lina ahadi ndani yake: kilichoganda kitayeyuka kikipewa muda. Je, ahadi hiyo ipo katika Kiswahili? Mafuta ya nazi huganda na yakipata joto huyeyuka. Barafu pia. Lakini damu ikiganda hairudi kuwa majimaji, na maziwa yakishakuwa mgando hayarudi kuwa maziwa matamu. Kwa hiyo anayesema dirisha limeganda hajasema kama linaweza kurudi au haliwezi, na hilo ndilo jambo hasa ambalo mtumiaji anahitaji kulijua. Aidha, kitenzi "kugandua" kipo, lakini maana yake ni kubandua kitu kilichonata, na hakuna anayekitumia kwa kompyuta.

"Kufa" kuna ubaya wa kupita kiasi. Kilichokufa hakina dawa ila kuzikwa. Neno hili lingefaa kwa diski iliyoharibika au kwa mashine isiyowaka kabisa. Kulitumia kwa programu inayosoma faili kubwa ni kumtangazia msiba mtu ambaye ndugu yake amelala tu.

Maneno ya mkopo, "kuhengi" na "kustaki", yana kasoro nyingine. Hatuyakatai kwa sababu ya asili yake. Kiswahili kimekopa sana na kitaendelea kukopa. Tunayakataa kwa sababu hayazai. Kitenzi cha Kiswahili kilichokomaa hubeba viambishi na kuzaa vitenzi vingine, hasa kile cha kutengua tendo la kwanza: kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua, kutega na kutegua. Hakuna anayesema "kuhengua" wala "kustakua". Maneno hayo yanataja maradhi, wala hayawezi kuzaa jina la tiba.

Kitenzi kinachofaa kipo katika vinywa vya watu, nacho ni "kukwama". Gari hukwama matopeni, mazungumzo hukwama, mwiba wa samaki hukwama kooni. Kilichokwama hakijafa. Ni kizima, ila kimezuiwa na kitu fulani, na kitu hicho kikiondolewa kitaendelea na safari. Zaidi ya hayo, kitenzi hiki kina mwenzake wa kutengua, "kukwamua", na wa hali, "kukwamuka". Hivyo katika mzizi mmoja tunapata jina la hali, jina la tendo la kurekebisha na jina la matokeo yake: dirisha limekwama, fundi amelikwamua, dirisha limekwamuka.

Tunapendekeza "kukwama" kwa hali za (c) na (d) tu. Kwa hali za (a) na (b), ambapo sababu haijajulikana, yafaa kusema lile linaloonekana bila kutoa hukumu: dirisha "haliitiki". Tumechagua "kuitika" badala ya "kujibu" kwa makusudi. Kujibu ni kutoa jibu la swali. Kuitika ni kusema "naam" au "labeka" baada ya kuitwa. Asiyeitika huenda amelala, huenda yuko shambani, huenda ana jambo linalomzuia. Mswahili anajua kwamba mtu asipoitika mara ya kwanza, mlango hauvunjwi, anaitwa tena.

Programu inayotoweka kwenye kioo yenyewe haijakwama wala haijafa. Madereva wetu wana neno lake: gari linalonyamaza njiani "limezimika". Programu nayo imezimika, na inaweza kuwashwa tena.

3. "LENGO", "KITOVU" AU "FOKASI"?

Katika kioo chenye madirisha kumi, kibodi ni moja. Herufi zinazopigwa haziwezi kwenda katika madirisha yote. Kwa hiyo mfumo huchagua dirisha moja, nalo ndilo linalopokea kila kinachopigwa mpaka mtumiaji achague jingine. Waingereza walilitolea jambo hili neno walilolichukua katika elimu ya mwanga. Neno hilo asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni meko. Mwanafalaki Kepler alilipa maana ya kisayansi mwaka 1604, ya mahali ambapo miale hukutana.

Mfasiri asiyejiuliza dirisha linafanya nini hufungua kamusi na kukuta "fokasi", "kitovu" au "lengo", naye huandika mojawapo. Matokeo yake ni sentensi kama "lengo la dirisha limefungwa", ambayo msomaji wa Kiswahili ataielewa kuwa ni habari ya makusudio ya mtu. "Kitovu" kinaleta picha ya katikati, ilhali dirisha linalopokea herufi linaweza kuwa pembeni kabisa ya kioo. "Fokasi" inafaa katika somo la fizikia, kwa lenzi na vioo. Kwa karani anayeshangaa kwa nini herufi zake zinaingia mahali pengine, haimwambii lolote.

Kiswahili kina dhana hii tangu zamani, nayo ni "zamu". Mabaharia na askari hushika zamu, na wachezaji wa bao hungoja zamu zao. Mwenye zamu ni mmoja kwa wakati mmoja. Wengine wapo, ni wazima, na watapata zamu wakati wao ukifika. Hivyo ndivyo ilivyo kwa madirisha. Tuseme basi "dirisha la zamu", na jambo lenyewe tuliite "zamu ya kibodi".

Uzuri wa neno hili huonekana zaidi mambo yanapoharibika. Programu inayojitokeza ghafula na kunyakua herufi ambazo mtumiaji alikuwa akiandika mahali pengine "imepora zamu". Programu iliyopewa zamu ikakataa kuiacha "imeshikilia zamu". Mtu wa kawaida anazifahamu sentensi hizi bila kufundishwa, kwa sababu amewahi kukutana na watu wa namna hiyo kwenye foleni ya maji.

Kushikilia zamu si jambo la kubuni. Katika mfumo wa X, ulioanzishwa katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts mwaka 1984 na ambao umeendesha madirisha ya mashine nyingi za Linux, programu inaruhusiwa kuomba kibodi na kipanya viwe vyake peke yake kwa muda. Hufanya hivyo kila inapofungua orodha ya amri, ili kubonyeza popote nje ya orodha kuifunge orodha hiyo. Programu ikikwama katika nukta hiyo, orodha hubaki kioni na hakuna dirisha jingine linaloweza kuitwa. Mshale unasogea, saa ya pembeni inaendelea kuhesabu dakika, lakini kubonyeza hakufanyi kitu. Asiyejua huichomoa mashine. Anayejua hubonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, na katika mashine nyingi za Linux hupelekwa kwenye kioo cha maandishi matupu. Huko hutambulisha jina lake, huitafuta programu iliyokwama na kuifunga, kisha hurudi kwenye madirisha yake. Programu hiyo ikishaondoka, zamu huachiwa yenyewe na kazi nyingine zote hukutwa salama.

4. KASORO YA "KUFUNGA"

Hapa tunafikia neno linaloonekana kuwa halina neno, nalo ndilo lenye hatari kubwa zaidi. "Kufunga" katika Kiswahili ni kurudisha mlango mahali pake, ni kutia kufuli, na ni kukaza kamba pia. Katika maisha ya nyumbani muktadha hutuokoa. Katika kioo cha kompyuta hakuna muktadha. Kuna maneno mawili au matatu tu katika kidirisha.

Tuchukue tangazo hili: "Dirisha limefungwa." Je, dirisha limeondolewa kioni, au lingalipo ila haligusiki? Na "Faili imefungwa" je? Imehitimishwa na kuhifadhiwa, au imezuiwa kwa sababu mtu mwingine anaitumia? Maana hizi zinakaribia kuwa kinyume. Katika ya kwanza kazi imekwisha. Katika ya pili kazi haiwezi kuanza. "Kufungua" nako kumebeba mzigo huo huo wa kutengua maana zote mbili.

Milango ya kale ya mwambao ilikuwa na komeo, na kitenzi chake ni "kukomea". Aliyerudisha mlango amefunga. Aliyetia komeo amekomea. Tunapendekeza "kufunga" kubakie kwa kuhitimisha kazi ya dirisha au faili, na "kukomea" kutumike kwa kuzuia kisiguswe. Kioo kinachodai neno la siri kimekomewa. Faili inayotumiwa na mwingine imekomewa. Kwa kutengua, lugha ingetupa "kukomoa", lakini kitenzi hicho siku hizi kimeelemewa na maana ya kumtesa mtu kwa makusudi, nacho kingeleta kicheko maofisini. Yafaa basi kusema "kuondoa komeo".

5. "KUUA" NA "KUSIMAMISHA"

Mafundi hupenda kusema kwamba programu iliyokwama "inauawa". Usemi huu umetoka katika jina la amri moja ya mifumo ya jamii ya Unix. Jina hilo lenyewe linapotosha, kwa sababu amri hiyo kwa kweli hutuma ishara tu, na ishara zenyewe ni za namna nyingi. Ishara namba 15 huiambia programu ifunge, nayo hupata nafasi ya kuhifadhi kazi na kupanga vitu vyake. Ishara namba 9 programu haipewi hata kuisikia. Mfumo endeshi huiondoa papo hapo. Fundi mwangalifu huanza na ya kwanza, hungoja kidogo, na kama haikufaa hutumia ya pili. Kitenzi "kuua" huzifunika ishara hizo mbili kwa shuka moja, na mwanafunzi hujifunza kutumia ya 9 kila mara.

Tunapendekeza "kuagiza kufunga" kwa ile ya kwanza na "kulazimisha kufunga" kwa ile ya pili. Istilahi ya pili inafaa pia kwa Macintosh, ambako hatua hiyo huitwa kwa kubonyeza Command, Option na Esc, na kwa Windows, ambako Ctrl, Shift na Esc hufungua orodha ya programu zinazofanya kazi ili ile iliyokwama ichaguliwe.

Wengine huandika "kusimamisha". Hili ni kosa la kitaalamu, maana kusimamisha ni tendo jingine lililopo katika mifumo hiyo hiyo: programu husimamishwa ilipo, kisha huambiwa iendelee, bila kupoteza kitu. Neno lililo na kazi yake halifai kuazimwa kwa kazi ya jirani.

6. PINGAMIZI

Yaweza kusemwa kwamba umma umekwisha kuchagua "kuganda" na kwamba baraza la lugha halina askari wa kuwakamata wasemaji. Ni kweli. Hatudai kwamba neno hilo liondolewe barazani. Tunachodai ni kwamba mwongozo, kitabu cha shule na tangazo la kwenye kioo vitumie neno linalobainisha hali, kama vile daktari anavyoandika jina la ugonjwa hata kama mgonjwa amesema "homa".

Yaweza kusemwa pia kwamba "zamu" inafaa zaidi kwa jinsi mfumo endeshi unavyozigawia programu muda wa kichakato. Pingamizi hili lina uzito. Ndiyo sababu tumependekeza istilahi kamili iwe "zamu ya kibodi"; ile nyingine yaweza kuitwa "mgao wa muda". Mtumiaji wa kawaida hatakutana na mgao wa muda maishani mwake, lakini zamu ya kibodi hukutana nayo kila anapobonyeza dirisha.

Mwisho, yaweza kuulizwa kama haya si mambo madogo. Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwa na kazi ya kusanifu istilahi tangu lilipoanzishwa mwaka 1967, na utaratibu uliozoeleka ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu na za Kiafrika, kabla ya kwenda ng'ambo. Kwa njia hiyo sarufi yetu ilipata "ngeli" kutoka Kihaya. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na ikadhihirika kwamba lugha hii inaweza kubeba amri za programu kamili. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba inaweza kubeba pia matangazo ya ajali. Mtu anahitaji lugha yake zaidi wakati wa hofu kuliko wakati wa raha.

7. ISTILAHI ZINAZOPENDEKEZWA

Kutoitika: hali ya dirisha lisilochukua ujumbe, sababu ikiwa haijajulikana.

Kukwama: hali ya programu isiyoweza kuendelea bila kusaidiwa.

Kukwamua: kuirudisha programu, au mashine iliyozuiwa nayo, katika hali ya kufanya kazi.

Kuzimika: kukoma kwa programu yenyewe bila kuagizwa.

Zamu ya kibodi: haki ya dirisha moja kupokea kinachopigwa.

Dirisha la zamu: dirisha lenye haki hiyo kwa wakati uliopo.

Kupora zamu, kushikilia zamu: kuichukua haki hiyo bila mtumiaji kuitoa, kukataa kuiacha.

Kufunga: kuhitimisha kazi ya dirisha, faili au programu.

Kukomea, kuondoa komeo: kuzuia kisiguswe, kuondoa kizuizi hicho.

Kuagiza kufunga, kulazimisha kufunga: kuitaka programu ikome kwa utaratibu, kuiondoa bila kuisikiliza.

Kusimamisha: kuitua programu kwa muda ili iendelee baadaye.

HITIMISHO

Kwa istilahi hizi, mafundisho ya kurekebisha dirisha lisiloitika yanaweza kuandikwa kwa mistari michache: Dirisha lisipoitika, ngoja kwanza. Tafuta kidirisha kinachouliza swali kwa kubonyeza Alt na Tab ili kupitia madirisha yote. Likiwa limekwama, agiza lifungwe. Likikataa, lazimisha. Likiwa limeshikilia zamu, lifuate kupitia kioo cha maandishi. Kuichomoa mashine kuwe kwa mwisho, baada ya taa ya Caps Lock kukataa kuwaka. Msomaji ajaribu kuyaandika mafundisho hayo hayo kwa "kuganda", "kufa", "lengo" na "kuua", aone kama karani mgeni atayafuata bila kupoteza barua yake. Wenye istilahi zilizo bora kuliko hizi, hasa kutoka lahaja za mwambao na lugha zetu nyingine za Kibantu, wanaombwa wazilete zijadiliwe.